UZI: Sampuli ya majaribio huyapima makubaliano ya timu kabla haijaipima bidhaa

#1 – Mleta uzi (mhandisi wa mitambo)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimefanya kazi ya kuunda vifaa kwa muda wa kutosha kushuhudia bidhaa zilizofika sokoni na nyingine zilizofia mezani, na kuna jambo moja ambalo ningependa tulijadili kwa utulivu. Tunapotaja sampuli ya majaribio, yaani ule mfano wa awali ambao wengine wameuzoea kwa jina la prototaipu, karibu kila mara maswali yetu huihusu bidhaa: je, itafanya kazi, itahimili matumizi, mtumiaji ataielewa? Hayo ni maswali ya haki. Hoja yangu ni kwamba kabla sampuli haijajibu lolote kati ya hayo, huwa imekwisha kufanya kazi nyingine ambayo haiandikwi kwenye mpango wa mradi, nayo ni kuonyesha kama watu waliokaa meza moja kwa miezi kadhaa walikuwa wakizungumzia kitu kimoja.

Nianze na kisa. Timu niliyokuwamo ilikuwa ikiunda kipimo cha shinikizo la damu cha kutumiwa nyumbani, na waraka wa mahitaji ulisema kifaa kiwe "rahisi kubebeka". Sentensi hiyo ilipita bila kupingwa na mtu, na kwa takriban miezi minne kila mmoja wetu aliifanyia kazi kwa bidii. Mimi niliielewa kuwa ni habari ya uzito, nikapunguza unene wa ganda hadi likaanza kupinda. Mhandisi wa umeme aliielewa kuwa kifaa kisitegemee waya wa ukutani, akachagua betri kubwa. Msanifu wa umbo alichora mpini. Mwenzetu wa masoko, kwa upande wake, alikuwa akiwaeleza wasambazaji kwamba kifaa kitaingia kwenye mkoba wa mkononi. Mikutano yetu ilikwenda vizuri mno, na leo nikiukumbuka ule utulivu naona ungepaswa kututia hofu.

Siku moja msanifu wa umbo, kwa kuchoka kueleza, alikata kadibodi kwa vipimo vilivyokuwa kwenye michoro, akaunda boksi, akalijaza mchanga hadi uzito wake ukalingana na jumla ya sehemu zote zilizokuwa kwenye orodha yetu, kisha akaliweka mezani bila kusema neno. Mwenzetu wa masoko akaliinua, akaligeuza, akajaribu kulitia kwenye mkoba wake. Halikuingia. Katika dakika kumi zilizofuata tulibishana kuliko tulivyowahi kubishana katika miezi yote minne, na kabla ya jioni mpini ulikuwa umeondolewa, betri imerudishwa kwenye mjadala, na mimi nimeruhusiwa kulirudishia ganda unene wake. Boksi lile halikuwa na waya hata mmoja. Halikuweza kupima shinikizo la damu la kiumbe yeyote.

Kwa nini kadibodi na mchanga vilifaulu pale ambapo kurasa arobaini za waraka zilishindwa? Nadhani ni kwa sababu maneno hupokewa na kila fani kwa kamusi yake yenyewe, na hakuna anayeona kamusi ya mwenzake. Neno "kubebeka" lilimruhusu kila mtu kukubali bila kuacha chochote. Boksi halikutoa nafasi hiyo: ukubwa wake ulikuwa mmoja na uzito wake mmoja, na kila aliyelishika alilazimika kusema kama hicho ndicho alichokuwa amekiridhia.

Wasomi wamelitazama jambo hili kwa muda mrefu. Susan Leigh Star na James Griesemer, katika makala yao ya mwaka 1989 kuhusu jumba la makumbusho ya wanyama wenye uti wa mgongo la Berkeley, walieleza jinsi wanasayansi, wasimamizi na wakusanyaji wasio wasomi walivyoweza kushirikiana kupitia vitu ambavyo kila kundi lilivisoma kwa namna yake. Kwa tafsiri yangu, waliviita "vitu vya mpakani". Mwaka 2002 Paul Carlile aliipeleka dhana hiyo kwenye uundaji wa bidhaa mpya, akaongeza sharti ambalo naliona kuwa la msingi: kitu hufaa mpakani kikimwezesha kila upande kuona tofauti zake na za mwenzake, kuona jinsi zinavyotegemeana, na zaidi ya yote kukibadilisha kitu chenyewe pale pale. Mchoro ambao mtu mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kuugusa hautimizi sharti hilo, hata ukiwa sahihi kiasi gani. Boksi letu lilitimiza, kwa kuwa mkasi ulikuwa mezani.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda. Wasanifu wa IDEO, kampuni ya usanifu wa bidhaa, walipokuwa wakiisaidia kampuni ya Gyrus kuunda kifaa cha upasuaji wa matundu ya pua, madaktari walikuwa wakieleza kwa mikono namna wanavyotaka kukishika. Mmoja wa wasanifu alitoka akachukua kalamu ya ubao mweupe, kikopo cha filamu ya kamera na kibanio cha nguo, akavifunga pamoja kwa gundi ya utepe, akarudi na kuuliza kama ni kitu cha namna hiyo. Daktari alikishika. Tangu hapo mazungumzo yalihama kutoka kwenye maelezo yakaenda kwenye mshiko wenyewe. Ninachokitazama mimi hapo ni nafasi ya daktari iliyobadilika: daktari aliyekuwa mteja wa kuhojiwa akawa mshiriki wa ubunifu, kwa sababu alikuwa na kitu mkononi cha kukisahihisha.

Jeff Hawkins naye, mwanzilishi wa kampuni ya Palm, kabla ya kampuni hiyo kuitoa kompyuta yake ndogo ya mkononi mwaka 1996, alitembea na kipande cha ubao kilichokatwa kwa kipimo cha mfuko wa shati, akikitoa na kujifanya anaandika juu yake kila alipohitaji kuweka miadi. Kwa timu, nadhani ubao wa namna hiyo unafanya kazi ya mpaka wa shamba, kwani kila anayetaka kuongeza kitu anajua anakiongeza ndani ya ukubwa gani.

Ningependa kusikia uzoefu wenu, hasa wa wale ambao sampuli iliwavurugia timu badala ya kuiunganisha, maana najua na hilo lipo.

#2 – Mhandisi wa programu

Ndugu mleta uzi, nakuunga mkono kwa nusu. Huku kwetu kwenye programu, sampuli imetuvurugia mara nyingi kuliko ilivyotuunganisha, na sababu ni moja: imekuwa rahisi mno kutengeneza kitu kinachoonekana kimekamilika. Kwa saa chache mtu anachora skrini zenye rangi, vitufe vinavyobonyezeka na takwimu za kubuni, na akimwonyesha mkurugenzi, mkurugenzi anaona bidhaa iliyobakiza wiki mbili. Tangu siku hiyo ile sampuli haiulizi swali tena, imekuwa ahadi. Waliokuwa na mashaka wananyamaza, kwani nani anataka kuwa mtu wa kusema kwamba kile ambacho wakubwa wamekipigia makofi hakina kitu nyuma yake?

Nimeona pia kwamba watu hukosoa kulingana na umaliziaji wanaouona. Nikiweka mezani karatasi iliyochorwa kwa kalamu, wenzangu wanauliza kama hatua hiyo inahitajika kabisa. Nikiweka skrini iliyong'arishwa, watu wale wale wanajadili rangi ya kitufe. Ukosoaji wa aina ya pili una adabu zaidi na manufaa machache zaidi.

Stephanie Houde na Charles Hill, katika maandishi yao ya mwaka 1997 yaliyotokana na kazi yao Apple, walitoa mgawanyo uliotusaidia. Walisema sampuli inaweza kuchunguza nafasi ya kitu katika maisha ya mtumiaji, au mwonekano na hisia zake, au namna kitakavyotekelezwa kiufundi. Boksi lako la mchanga lilikuwa la kundi la pili likigusa la kwanza, na kila mtu alilijua hilo kwa kulitazama tu, kwa kuwa hakuna anayeweza kudhani mchanga ni saketi. Skrini zetu haziwi wazi hivyo. Ndiyo maana siku hizi hatuonyeshi kitu bila sentensi moja juu yake inayosema kinauliza nini na kipi ndani yake ni cha uongo.

Uongo wa makusudi, ukitangazwa ndani ya timu, una faida kubwa. Mwaka 1983 watafiti wa IBM, Gould, Conti na Hovanyecz, walichapisha kazi kuhusu mashine ya chapa inayosikiliza sauti, ambayo kwa kweli ilikuwa ni mpiga chapa aliyekaa chumba kingine akiandika kile alichokisikia. Waliweza kujifunza watu wangeitumiaje mashine hiyo kabla ya teknolojia yenyewe kuwepo. Timu ikiwa na njia hiyo, wasioandika programu hawalazimiki kuwasubiri wanaoandika ndipo wapate la kusema, na mizani ya nguvu ndani ya chumba inabadilika.

#3 – Mtu wa uzalishaji

Wakuu, naomba niseme kwa niaba ya watu ambao huitwa mwisho. Katika visa vyote vilivyotajwa sijaona mtu wa kiwandani mezani. Sampuli hujengwa, husifiwa, kisha huletwa kwetu tukiambiwa "tengenezeni elfu kumi kama hii". Sampuli ile imeunganishwa kwa mkono wa mtu mmoja mwenye subira, na baadhi ya skrubu zake zimekaa mahali ambapo hakuna bisibisi ya kiwandani inayofika. Tukisema haiwezekani, tunaonekana wapinga maendeleo. Printa za 3D zimelizidisha tatizo hili, kwani zinachapa bila taabu maumbo ambayo hayawezi kutoka kwenye kalibu, yaani umbo la kumiminia plastiki.

Nakubaliana na hoja ya makubaliano, lakini niongeze kwamba sampuli huunganisha wale tu wanaoiona, na ni lazima wote waione sampuli ile ile. Ndege ya Airbus A380 ni funzo la gharama kubwa. Timu zake za Hamburg, Ujerumani, na za Toulouse, Ufaransa, zilikuwa zikitumia matoleo tofauti ya programu ya usanifu ya CATIA, moja la zamani na jingine jipya zaidi, na modeli zao za kompyuta hazikupatana sawasawa. Ndege hiyo ina zaidi ya kilomita 500 za nyaya. Ulipofika wakati wa kuunganisha, kulikuwa na nyaya zisizofika mahali pake. Ucheleweshaji uliotangazwa mwaka 2006 uliitikisa kampuni nzima, na ndege ya kwanza ikakabidhiwa kwa Singapore Airlines Oktoba 2007. Wahandisi wa pande zote mbili walikuwa stadi, na kila upande uliiamini sampuli yake.

Linganisheni na Boeing 777, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 12 Juni 1994. Boeing iliwapanga watu wake katika timu 238 zilizochanganya wasanifu na wajenzi, ikaalika mashirika ya ndege kushiriki, na modeli ya kompyuta ikawa mahali pa kukutania ambapo bomba la mmoja likigongana na waya wa mwingine linaonekana kabla chuma hakijakatwa. Hata hivyo walijenga sehemu ya pua kwa umbo halisi ili kuihakiki ile modeli. Hapo ndipo ninapoona hekima: mtu wa kiwandani hakuletewa matokeo, alikuwamo wakati bomba linahamishwa.

#4 – Msomaji

Mnisamehe kwa swali la kimsingi. Katika timu yetu sampuli hutengenezwa na mtu mmoja mwenye kipaji, na wengine tunatazama. Tukiikosoa anakasirika. Tukikaa kimya, mradi unaharibika. Mnafanyaje?

#5 – Mleta uzi

Nashukuru kwa michango. Nianze na #3: umenishika penye kosa, nakiri. Katika kisa cha boksi mtu wa uzalishaji hakuwepo, na tulilipia baadaye, kwa sababu lile ganda tuliloliongeza unene lilipata mbonyeo penye kona wakati plastiki ikipoa, jambo ambalo yeyote aliyewahi kusimamia kalibu angelisema kwa kulitazama tu.

#2, hiyo sentensi ya "kinauliza nini na kipi ni cha uongo" nitaiiba. Ila sikubali kwamba tatizo ni umaliziaji peke yake. Kuna wakati timu inahitaji sampuli iliyong'arishwa, kwa mfano pale wanapobishana kuhusu mwonekano wenyewe. Huwezi kujadili mng'ao wa rangi kwa kutazama kadibodi. Tatizo ni kuileta mapema, wakati swali bado ni kama kitu kinahitajika.

Sasa #4, swali lako silioni kuwa la kimsingi tu, kwani ndilo gumu kuliko yote. Sampuli ikiwa moja na mtengenezaji wake mmoja, kuikosoa ni kumkosoa yeye, hata ukichagua maneno laini kiasi gani. Steven Dow na wenzake walichapisha mwaka 2011 majaribio ambayo watu walifanya kazi ya usanifu wakiwa wawili wawili: wale walioonyeshana kazi kadhaa walipata matokeo bora kuliko walioonyeshana moja tu, walichunguza mawazo kwa upana zaidi, na uhusiano baina yao uliimarika. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba mtu mwenye sampuli tatu hajaegemeza heshima yake kwenye mojawapo. Anaweza kusema "hii ya pili ni mbovu" yeye mwenyewe, na akishasema hivyo, chumba kizima kinapata ruhusa ya kuzungumza. Kwa hiyo msimwombe mwenzenu aache kukasirika. Mwombeni alete tatu, zote mbaya kidogo, na muda uwe mfupi kiasi kwamba haziwezi kuwa nzuri.

Jambo la pili ni mikono. Katika timu zetu nyingi kuna anayejenga na wanaotoa maoni, na maoni ni rahisi kuyatoa mtu akiwa ameegemea kiti. Tulipoanza kudai kwamba anayetaka badiliko alikate mwenyewe kwenye kadibodi, hata kama mkono wake si wa ufundi, mapendekezo yalipungua idadi na kuongezeka uzito. Mhasibu wetu, ambaye kwa miaka hakuwahi kufungua mdomo katika mikutano hiyo, ndiye aliyebandika kitufe upande wa kushoto kwa sababu yeye hutumia mkono huo.

Wengi hupenda kumtaja James Dyson na sampuli zake 5,127 za kifyonza vumbi. Namheshimu, lakini mfano ule unahusu subira ya mtu aliyekuwa akifanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa peke yake, na kuuhamishia kwenye timu kunapotosha. Sampuli ya mtu mmoja inahitaji kujibu tu. Sampuli ya timu inahitaji kujibu mbele ya wote, kwa namna ambayo aliyeshindwa katika ubishi anaweza kubadili msimamo bila kudhalilika. Ndugu wawili waliobuni ndege, Wilbur na Orville Wright, walijulikana kwa kubishana kwa sauti. Mwaka 1901, matokeo ya mabawa yao yalipokataa kulingana na majedwali waliyoyategemea, walijenga handaki dogo la upepo, yaani kasha la kupitishia upepo juu ya mabawa, wakajaribu takriban mabawa 200 ya mfano. Mabishano hayakwisha, ila sasa yalikuwa na mwamuzi ambaye si ndugu wa yeyote.

#6 – Mhandisi wa programu

Mkuu, swali la mwisho. Timu yetu imetawanyika, hatukutani ana kwa ana hata mara moja kwa mwaka. Kadibodi na mchanga tutavifanyaje?

#7 – Mleta uzi

Tumelipitia hilo, na kosa letu la kwanza lilikuwa kupiga picha za sampuli na kuzituma. Picha haina uzito wala upande wa nyuma, na aliyeipiga amekwisha kuchagua kipi kionekane. Watu walirudia tabia ile ile ya kukubali kwa maneno.

Tulichofanya baadaye ni kutuma karatasi yenye mchoro uliokunjuliwa, kwa kipimo halisi, pamoja na idadi ya gramu. Kila mmoja alilikata na kulikunja boksi lake, akalijaza chochote kilichokuwa karibu hadi mizani ikafika, kisha tukakutana kwa video kila mtu akiwa na lake mkononi. Mapema katika mkutano iligundulika kwamba printa ya mmoja wetu ilikuwa imepunguza ukubwa wa ukurasa ili utoshee kwenye karatasi, na boksi lake lilikuwa dogo kuliko ya wengine. Yeye ndiye aliyekuwa akishangaa kwa nini tunalalamika. Tangu siku hiyo kila mchoro unaotumwa una mstari wa sentimita kumi pembeni, na mkutano hauanzi mpaka kila mtu ameupima kwa rula na kusema kipimo alichokipata.

Kwa programu, #2, sioni kwa nini usifanye hivyo hivyo na karatasi za skrini: kila mtu azikate, azipange mezani kwake kwa mfuatano anaouamini, ndipo kamera ziwashwe. Mfuatano ukitofautiana baina ya watu wawili, anzeni na hapo.